Mama Hatoki Nyumbani

Yaw Anto alikuwa na mdomo. Nalisema hili mapema, asije mtu akaniambia nimemsingizia marehemu wa watu, maana yeye mwenyewe bado yu hai na akitaka aje abishe. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu, hilo sikatai. Kumasi nzima hukumpata mtu wa kukata nyama nyembamba kama yeye. Lakini mdomo ule, jamani! Mdomo ule haukuwa na kifuniko.

Kazi yake ilikuwa maabara ya Hospitali ya Mtakatifu Verena, ghorofa ya chini, mlango wa pili ukishapita jikoni. Miaka zaidi ya thelathini amekaa pale. Mgonjwa akitolewa uvimbe huko juu kwa wapasuaji, kinyama kinateremshwa kwa Yaw Anto ndani ya kikopo cha dawa. Yeye anakitoa maji yote, anakizamisha katika nta iliyoyeyuka, na nta ikishaganda anapata kitofali kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, nyama imelala ndani yake. Anakifunga kwenye mashine, anakata vipande vyembamba ambavyo ukipiga chafya umevipoteza, anavilaza juu ya maji ya uvuguvugu vijinyooshe, anavipokea kwa kioo na kuvitia rangi. Hapo ndipo daktari anapoinama kwenye hadubini na kusema hii ni saratani, hii siyo.

"Bila mimi, daktari ni kipofu aliyevaa koti jeupe," alikuwa akisema, na alisema hivyo mbele ya madaktari wenyewe.

Aliyemfundisha kazi alikuwa Bibi Fosua, mwanamke mfupi mkali, ambaye sasa ni marehemu. Bibi Fosua alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila asubuhi kama sala. Kitofali ni mama, vipande ni watoto. Daktari wa Accra anataka kuhakikisha? Mkatie watoto watano, umtumie. Mwanafunzi anataka kujifunza? Mpe mtoto mmoja. "Lakini mama hatoki nyumbani," alikuwa akisema, huku akifunga droo kwa goti. "Hujui kesho ugonjwa utarudi na swali gani. Ukirudi ukamkuta mama yupo, utamwuliza. Asipokuwepo utamwuliza nani?" Na sisi Waasante hatuhitaji kuelezwa mara mbili habari ya mama na nyumba. Kwetu ukoo unapita tumboni mwa mwanamke, na baba ni mgeni wa heshima.

Sasa nije kwenye mdomo. Mkewe Yaw Anto alishaondoka zamani, nadhani kwa sababu ya mdomo huohuo, kwa hiyo jioni alikuwa akila kwa dada yake, Birago, katika nyumba ya ukoo pale Asafo. Tumbo la mama yao lilikuwa limebakiza hao wawili tu. Birago alikuwa mjane mwenye binti mmoja mtu mzima, Dufie, na alikuwa na kibanda cha vitambaa vya msiba katika soko la Kejetia, vyeusi na vyekundu, maana Kumasi hakupiti Jumamosi bila watu kuzika. Kaka anakaa, ananawa, anatia mkono kwenye fufu, na hadithi inaanza.

"Leo nimekata titi la mwalimu mkuu mmoja wa shule ya wasichana. Sitaji jina."

"Kaka Yaw, tunakula."

"Si nimesema sitaji jina? Yule mwenye gari la kijani."

"Kumasi nzima ina walimu wakuu wangapi wa kike wenye gari la kijani?"

Yaw Anto akacheka hadi mchuzi wa karanga ukampalia. Siku mbili baadaye wauza vitambaa wote wa Kejetia walikuwa wanamsikitikia mwalimu mkuu kabla hata yeye mwenyewe hajapewa majibu yake. Birago aliwasikia, akakunja kitambaa chake.

Hadithi nyingine aliyoipenda ilikuwa ya mama yao. Mama yao alikufa kwa ugonjwa wa titi, katika kambi ya maombi, amefungwa shuka la kuzuia harufu ya kidonda. Kila siku ya kumkumbuka Yaw Anto alisimama mbele ya ukoo na kuhubiri: "Angekuja mapema! Uvimbe ukiwa kama karanga, njoo. Usingoje uwe kama chungwa." Na alikuwa na haki. Ubaya wa watu wenye mdomo ni kwamba mara nyingine wanasema kweli.

Basi siku Birago alipojipapasa akioga na kukuta karanga, alifanya vilevile kaka yake alivyohubiri. Alikwenda mapema. Ila hakwenda kama Birago. Alipofika dirishani pa kuandikishia alitoa jina la ubatizo ambalo hata kanisani halitumiki, akaongeza jina la marehemu mumewe: Comfort Asiedu. Kwetu ndugu wa tumbo moja hawashiriki jina la ukoo kama ilivyo kwingine, kila mtu ana lake, kwa hiyo hakuna karani aliyeweza kushtuka. Kaka akaambiwa dada amekwenda Techiman kwenye msiba wa mawifi. Dawa za dripu zilipomnyoa nywele, alisema amenyoa kwa ajili ya msiba huohuo, na nani atamshangaa muuza vitambaa vya matanga mwenye kichwa kitupu? Dufie aliapishwa asiseme. Alipomwuliza mama yake sababu, alijibiwa kwa ufupi: "Mjomba wako anakula na watu wengi."

Na kinyama kile kiliteremka ngazi hadi ghorofa ya chini. Kilitua mikononi mwa Yaw Anto. Alisoma jina kwenye kikopo asilijue. Akakizamisha kwenye nta, akakata, akainua kitofali kwenye mwanga wa dirisha kama alivyozoea na kukisifu kwa sauti: "Comfort Asiedu, mama, una kitofali kinono wewe!" Madaktari walithibitisha saratani. Vipimo vya kujua ni saratani ya aina gani, yenye alama zipi, havikufanyika, kwa sababu dawa za kupimia zilikuwa zimekwisha tangu Pasaka na hakuna aliyejua zitakuja lini. Wakampa matibabu ya kubahatisha, ya kila mtu.

Wiki chache baadaye Birago "alirudi kutoka Techiman". Kaka akala, akashiba, akajifuta.

"Kuna mwanamke mmoja, Comfort fulani, hao ndio watu. Kaja uvimbe ukiwa kama karanga! Ningemjua ningemleta awahubirie wanawake wa ukoo wetu wenye vichwa vigumu."

"Nyama imebaki," Birago akasema. "Nikuongeze?"

Akamwongeza.

Mwaka uliofuata walikuja watafiti. Waliletwa na Profesa Essilfie, mkuu wa idara wakati ule, wakitoka ng'ambo na masanduku na swali. Kwa nini saratani ya titi inawapata wanawake weusi wangali vijana, tena kwa ukali, na kwa nini dawa zilizopimwa kwenye miili ya wengine haziwashiki vizuri? Swali zuri. Sina ugomvi na swali. Walitaka kuzisoma chembe za uvimbe hadi ndani, kuona ni alama gani ziko kwenye ngozi ya kila chembe ambazo dawa mpya inaweza kuzishika. Lakini hawakutaka watoto. Walitaka akina mama wenyewe, mia mbili, walio bora, kwa sababu mashine yao hutoboa kitofali na kuchomoa kijiti cha nyama. Baada ya mwaka mmoja, walisema, vitarudi vyote. Na Comfort Asiedu na wenzake waliulizwa? Hawakuulizwa. Karatasi ya ruhusa ilisema nyama iliyokwisha kukatwa haina haja ya kuulizwa.

Yaw Anto alisita. Nataka nimpe haki yake: alisita alasiri nzima. Alimwambia Profesa maneno ya Bibi Fosua, na Profesa akatabasamu vile wakubwa wanavyotabasamu. Kisha mtafiti mmoja, mwanamke mrefu, akachukua kioo alichokitengeneza Yaw Anto, akakiangalia kwenye hadubini muda mrefu, akasema amezunguka maabara za nchi nyingi na hajaona mkono kama huu. Akamwomba achague yeye mwenyewe vitofali vya kusafiri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu aliwapa mtungi mzima. Kwa siku nne alifungua droo moja moja, akainua kila kitofali kwenye mwanga, akatenga vile vinono tu, vyenye nyama ya kutosha, visivyo na ufa. Vikonda aliviacha. Alibandua majina kama sheria ilivyotaka, akaandika namba mpya, na palipotoka kitofali akaweka kipande cha kadibodi na kuandika kwa mkono wake: Kimesafiri.

Orodha ya kujua namba ipi ni ya nani ilikaa kwa Profesa. Utafiti ulipofungwa, karatasi za ruhusa zilitaka orodha ichomwe kulinda siri za wagonjwa. Profesa alikuwa amestaafu na kurudi kwao Elmina, kwa hiyo aliyeipeleka kwenye tanuri la taka la hospitali, akasimama kuhakikisha imeungua, akatia sahihi, alikuwa Yaw Anto. Angalau siku hiyo alitunza siri. Vitofali havikuwa vimerudi. Ila makala ilitoka, na mwisho kabisa, chini ya marejeo, kwa herufi ndogo, walimshukuru Bwana Yaw Anto kwa ufundi wake. Akaikata, akaitia fremu, akaitundika sebuleni kwa Birago, kwa kuwa kwake hakufiki wageni. Kila aliyefuata kitambaa cha msiba hadi nyumbani alisomewa.

Miaka mitatu baada ya upasuaji, mgongo wa Birago ulianza kuuma. Alijipaka dawa ya kuchua, akajifunga kitambaa kiunoni, akaendelea kuinua marobota. Siku moja pale Kejetia akainama kuchukua kitambaa chekundu na hakuweza kuinuka. Wanawake wenzake walimbeba na kiti chake. Jumapili yake alimwita kaka, akamfukuza Dufie chumbani, akamwambia yote, tangu karanga hadi Techiman.

Yaw Anto alisimama, akaketi, akasimama tena. Kisha akalipuka.

"Comfort Asiedu! Ni wewe? Mimi ndiye niliyekukata! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?"

"Mimi ni damu yako, Birago!"

"Ndiyo maana. Ningekuambia Jumatatu, Jumatano wateja wangu wangekuwa wanaangalia kifua changu, hawaangalii kitambaa. Ulimtangaza yule mwalimu mkuu na gari lake. Mimi ungenitangaza na nini, kaka? Na kibanda changu?"

"Nisingesema."

"Ulisema. Hapo hapo ulipokaa, ulinisema mimi mwenyewe, nikakuongeza nyama."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikula nyumbani kwa dada yake bila hadithi, na fufu nusu ilibaki.

Asubuhi alikwenda naye kwa daktari wa saratani, Dokta Mawuena Kpodo, mwanamke wa kabila la Ewe, kijana, msema kweli hadi inaudhi. Dokta Kpodo aliangalia picha, akawaambia ugonjwa umerudi na umekaa kwenye mifupa ya mgongo. Dawa za zamani zitausukuma miezi kadhaa tu. Lakini, akasema, na hapo Yaw Anto akakaa vizuri, kuna dawa mpya inajaribiwa hapa hapa. Inabeba sumu mgongoni. Inazunguka mwilini ikitafuta chembe yenye alama fulani kwenye ngozi. Ikiipata inabisha hodi, inaingia, inamwaga sumu ndani, na majirani wanasalimika.

"Nimeona wanawake waliobebwa kwa machela wakirudi kupika," alisema. "Siyo wote. Wenye alama tu. Nimebakiwa na nafasi mbili, na mlango unafungwa mwisho wa mwezi. Nahitaji kitofali cha uvimbe wa kwanza. Maabara kuu ya wenye dawa inataka vipande kumi vilivyokatwa sasa hivi kutoka kwenye kitofali, basi. Hawapokei kitu kingine."

"Na mkitoboa mfupa mkachukua kingine?" Birago akauliza.

Aliyejibu ni kaka yake. "Mfupa haukatiki bila kulowekwa kwenye asidi ulainike, na asidi inafuta alama. Hapana. Kinatakiwa kile cha kwanza." Akasimama. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Daktari, miaka ishirini na tisa sijapoteza kitofali hata kimoja. Nipe dakika kumi. Birago, kaa hapo, usimsumbue daktari."

Alishuka ngazi mbili mbili. Alikuwa na namba ya kadi mkononi, droo aliijua, safu aliijua. Akavuta droo, akapeleka kidole, na kidole kikagusa kadibodi.

Kimesafiri. Ulikuwa mwandiko wake. Hakuna fundi mwingine pale aliyekuwa na mwandiko mzuri vile.

Akakumbuka. Hilo ndilo lililomkata maini, kwamba alikumbuka. Alikikumbuka kitofali chenyewe, pale dirishani, jinsi nyama ilivyojaa hadi kwenye pembe. Jirani yake kwenye safu alikuwa mkonda, na alimwacha. Yule mkonda alikuwa bado yupo, ametulia kwenye droo, mwenye jina la mwanamke fulani wa Mampong. Angalimpa mtafiti yule mkonda! Lakini hapana, yeye alitaka asifiwe kwa vinono.

Dakika kumi zilipita, ikawa saa nzima. Dokta Kpodo mwenyewe ndiye aliyeshuka kumtafuta, akamkuta ameketi sakafuni, droo imefunguka. Hakumlaumu. Aliketi kwenye kompyuta ya maabara akaandika barua pepe kwa watafiti palepale, akigonga vitufe kwa hasira ambayo hakuisema ni ya nani. Majibu yalikuja baada ya siku tatu, yenye adabu nyingi. Walisikitika mno kusikia habari za mgonjwa. Vitofali vyote vipo ghalani, salama, vimehifadhiwa vizuri. Watafurahi kukirudisha haraka kinachotakiwa. Tafadhali tutumieni namba yake ya utafiti.

Namba ya utafiti. Orodha ilikuwa moshi juu ya Kumasi tangu mwaka jana, na sahihi ya Yaw Anto ilikuwa kwenye karatasi ya kuthibitisha moshi huo.

"Waambie watume vyote!" akapiga meza. "Nitakijua! Nitakijua kwa macho!"

"Kwa macho hawatakubali, Bwana Anto. Hata mimi nisingekubali. Nikimpa mgonjwa dawa kwa nyama ya mtu mwingine nitakuwa nimemwua. Na kulinganisha vinasaba vyake na vitofali mia mbili ni kazi ya miezi, nasi tuna wiki tu."

Sasa, fundi ni fundi. Alipokwisha kulia, na alilia, nisiwafiche, akakumbuka kwamba watoto wawili wa kitofali kile walikuwa bado pale: vioo viwili vya kwanza, vile daktari alivyosomea majibu, vimekaa kwenye sanduku la vioo kwa miaka mitatu. Kioo cha zamani unaweza kukiosha rangi taratibu na kukipima upya, ukiwa na mkono. Dokta Kpodo alikuwa na kichupa cha dawa ya kupimia alama ile, kilichobaki kwenye mafunzo. Kikatosha kwa kioo kimoja.

Yaw Anto alifunga mlango wa maabara kutwa nzima. Aliosha rangi tone kwa tone. Hakula, hakuongea na mtu. Alasiri aliweka kioo kwenye hadubini, na chembe zote, moja baada ya nyingine, zilikuwa zimezungukwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Alama ilikuwepo. Haikuwepo kidogo; ilikuwepo kila mahali, kana kwamba dawa ile ilitengenezwa kwa kumpima Birago.

Alipanda ngazi akikimbia, kioo kifuani. Dokta Kpodo aliangalia, akaangalia tena, akafumba macho. Siku hiyohiyo akawapigia wenye dawa. Yaw Anto alikuwa amesimama kando yake na alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Ndiyo, kwenye kioo cha zamani… Ndiyo, naijua kanuni… Fundi huyu ni bora kuliko… Ndiyo. Naelewa. Naelewa." Akakata simu.

"Wanasema kipimo cha hapa ni cha hapa," akamwambia. "Wanataka vipande kumi vya kitofali, kwenye maabara yao."

"Na nje ya majaribio? Haiuzwi?"

"Bado haiuzwi popote. Labda baada ya miaka minne, mitano." Akatazama pembeni. "Pole sana, Bwana Anto."

Mwisho wa mwezi ulifika na mlango ukafungwa. Nafasi moja ilikwenda kwa mwanamke wa Mampong. Naam, yule mkonda. Kitofali chake kilitosha vipande kumi na mbili.

Kumweleza Birago kulimchukua Yaw Anto siku mbili za kuzunguka nyumba. Alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, chini ya fremu, kwa sababu kitanda kilimuumiza mgongo. Kaka akapiga magoti pembeni yake kama mtu aliyekuja kuposa, akamwambia kila kitu, akitaja majina yote, lake likiwa la kwanza.

Birago alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, kicheko kidogo, kwa sababu kikubwa kilikuwa kinauma.

"Kwa hiyo nimefika ng'ambo bila viza."

"Birago, nitukane. Nakuomba."

"Nikutukanie nini? Ningejiandikisha Birago, ungejua ni mimi. Ungenipeleka ng'ambo?"

"Kamwe! Ningekuficha mfukoni!"

"Lakini Comfort ulimpeleka." Akatweta. "Comfort hana kaka."

Hapo Yaw Anto aliinamisha kichwa kwenye kochi. Dada yake akamwekea mkono kisogoni, akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua: "Kilikuwa kizuri?"

"Kuliko vyote," akasema. "Kuliko vyote, dada."

"Basi ishushe hiyo karatasi yako ukutani. Inanipa kivuli."

Aliishusha. Birago aliishi miezi saba. Alichagua mwenyewe vitambaa vya msiba wake kutoka kibandani, akamwonya Dufie asiwape ndugu wa mumewe vile vizuri. Siku ya kuzika ukoo ulimngoja Yaw Anto asimame ahubiri habari ya karanga na chungwa, kama desturi yake. Alisimama. Alifungua kinywa, akaangalia watu, akaketi. Wapo waliosema huzuni imemziba, na wapo waliosema afadhali.

Tangu hapo hakusikika akisimulia habari ya mgonjwa yeyote. Walikuja watafiti wengine, wa nchi nyingine, wenye swali zuri kuliko la kwanza. Aliwakatia watoto, vipande vyembamba, vizuri ajabu, wengi kama walivyotaka. Walipoomba vitofali vyenyewe alifunga droo kwa goti. Mkuu mpya wa idara akamwita mtu wa zamani asiyeelewa mambo ya sayansi. Akaitika kwamba ndiyo, ni wa zamani.

Halafu, wiki ya kutimiza mwaka tangu kifo cha Birago, nguo nyeusi na nyeupe zimeshafuliwa na kupigwa pasi, mtu wa vifurushi alileta sanduku maabara. Ndani mlikuwa na barua ya shukrani na vitofali mia mbili, vimepangwa vizuri, kila kimoja kimetobolewa tundu dogo mviringo katikati, kila kimoja na namba isiyo ya mtu. Walitimiza ahadi. Vimerudi vyote, hakikupotea hata kimoja.

Yaw Anto alitia sahihi. Akalibeba sanduku hadi dirishani, akavuta kiti. Akachukua cha kwanza akakiinua kwenye mwanga, akakiweka kando. Akachukua cha pili. Dufie alipomfuata alasiri, maana ukoo ulikuwa unamngoja Asafo, alimkuta ameshafika mwisho na anaanza upya.

"Mjomba, unatafuta nini?"

"Kile kinono," akasema, bila kugeuka. "Natafuta kile kinono."

Dufie akaangalia juu ya bega lake, safu kwa safu. Vyote vilikuwa vinono. Mjomba alivichagua mwenyewe.